Maji ya kisima ni meupe na matamu, mbona watoto wanaharisha?

SWALI: Tuna kisima uani chenye kina cha mita 12 hivi. Maji yake ni meupe kama kioo, na matamu kuliko ya bomba. Lakini tangu mvua kubwa zianze, watoto wangu wawili wanaharisha, wanapona, wanaharisha tena. Maji ya kunywa nayachemsha kila jioni. Jirani wa upande wa juu alichimba choo mwaka jana, kama hatua 20 kutoka kisimani. Kuna anayenishauri ninunue chujio la kisasa la umeme, ila ni ghali. Je, ninunue? Na sisi wenyewe tuishi vipi ili tusiyachafue maji tunayokunywa? (Mama wa watoto watatu)

JIBU:

Dada, pole kwa kuuguza. La kwanza halihusu kisima kabisa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS, yale ya unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, mara kwa mara, na ukiona damu kwenye choo chake, macho yamedidimia, au hawezi kunywa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kisima kitasubiri, mtoto hawezi.

Sasa chujio. Usinunue, walau si kwa sasa. Sina ugomvi na machujio. Hata mimi ninalo moja. Ila kwa maelezo yako naona milango mitatu ambayo uchafu unaweza kuwa unapitia: mdomo wa kisima, ardhi iliyo kati ya kisima na choo cha jirani, na safari ya maji kutoka kwenye sufuria hadi kwenye kikombe cha mtoto. Chujio halifungi hata mmoja kati ya hiyo. Litakaa jikoni likipambana kila siku na uchafu ambao ungeweza kuuzuia mara moja tu kwa saruji na kifuniko.

Lakini tuanze na huo weupe na utamu, maana ndio unaowaponza wengi. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka Soho, London, na ndani ya siku kumi hivi watu zaidi ya 500 wakafa. Daktari John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akakuta vimeizunguka pampu moja ya mtaa wa Broad Street. Maji ya pampu hiyo yalisifika. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda kiasi kwamba aliletewa chupa yake kila siku kwa mkokoteni. Akanywa, akafa. Binti wa ndugu yake aliyekuja kumtembelea naye akanywa, naye akafa. Hampstead hapakuwa na kipindupindu; kililetwa na chupa ile. Mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba, na baadaye kasisi Henry Whitehead akagundua kisa chenyewe: nepi za mtoto mchanga aliyeharisha zilifuliwa, maji yake yakamwagwa kwenye shimo la maji taka lililokuwa yapata mita moja kutoka kisimani, na kuta za shimo zilikuwa zimeoza.

Utamu wa maji unatokana na madini yaliyoyeyuka na ubaridi wa ardhini. Bakteria hana ladha wala rangi. Glasi yenye bakteria elfu moja na glasi isiyo na hata mmoja, ukiziweka dirishani, huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliulizi kama maji yanapendeza: linataka katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata bakteria mmoja wa E. koli, yule anayeishi utumboni mwa watu na wanyama. Akionekana, maana yake kinyesi kimefika, na kinyesi hakisafiri peke yake.

Umesema mambo yalianza na mvua, na hilo ndilo neno lenye thamani kuliko yote katika barua yako. Udongo ni mchujaji mzuri sana ukipewa muda. Maji yanaposhuka polepole katika mchanga laini au udongo tifutifu, vijidudu hunaswa, huliwa na vijidudu vingine, na wengi hufa njiani. Mvua kubwa inavuruga huo utaratibu: maji yanajaa, yanatafuta njia ya mkato kwenye nyufa, mashimo ya mizizi na pembeni mwa kuta za kisima, na yanafika chini kabla udongo haujamaliza kazi yake. Mji mdogo wa Walkerton huko Ontario, Kanada, ulijifunza hivyo Mei 2000. Mvua kubwa ilishusha samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji, klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, haikuwa ikiwekwa wala kupimwa ipasavyo, na watu zaidi ya 2,300 wakaugua, saba wakafa. Na hicho kilikuwa kisima cha serikali ya mtaa chenye pampu na wafanyakazi wa kulipwa.

Kwa hiyo, kesho asubuhi nenda ukakitazame kisima chako kana kwamba ni cha mtu mwingine. Je, ukuta wake umeinuka juu ya ardhi walau nusu mita, au mdomo uko sawa na uwanja? Kifuniko kinafunga kweli, au ni bati lililoegeshwa? Kuzunguka mdomo kuna sakafu ya zege isiyo na nyufa, yenye mteremko na mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika mbali, au pana dimbwi? Pale ndani, mita tatu za juu za ukuta zimepigwa plasta ya kuzuia maji, au unaona michirizi ya tope ikishuka baada ya mvua? Michirizi hiyo ni mto wa uwanja wako ukiingia kwenye maji ya kunywa.

Halafu tazama kamba. Sicheki. Nimewahi kukagua kisima kilichojengwa vizuri ajabu, zege safi, kifuniko cha chuma, hata kufuli, na maji yake yalikuwa na kinyesi tele. Nilizunguka nusu saa bila kuona kosa. Kisha mtoto akaja kuteka, akafungua kufuli, akaokota ndoo na kamba vilivyokuwa vimelala chini palepale mbuzi walipokuwa wamelala, akavitumbukiza. Kama huna uwezo wa pampu ya mkono, basi iwe ndoo moja tu ya kisima, iwe na mahali pa kutundikwa, na kamba izungushwe kwenye gurudumu isiguse ardhi. Kila ndoo ngeni inayoingia kisimani huingia na uchafu wa sakafu iliyotoka.

Mlango wa pili ni choo cha jirani. Hatua 20 za mtu mzima ni kama mita 15. Kanuni inayotumiwa na watu wa misaada ya dharura duniani kote ni mita 30 kati ya choo cha shimo na chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Hizo si namba za mbinguni. Kwenye udongo laini hata umbali mfupi unaweza kutosha. Kwenye mwamba wenye nyufa au chokaa, mita 30 hazitoshi kabisa, kwa sababu maji hupita kama bombani. Kinachonitia wasiwasi kwako ni kwamba choo kiko upande wa juu, na maji ya ardhini kwa kawaida hufuata mteremko wa ardhi.

Usiende kwa jirani na lawama. Yeye amechimba choo, na mtu aliyechimba choo ameilinda afya ya mtaa kuliko asiyechimba. Nenda na swali: shimo lina kina gani, na mvua zikinyesha linajaa maji? Likijaa maji wakati wa mvua, limegusana na maji yenu ya chini na ni tatizo lenu nyote wawili. Tiba huwa ni shimo fupi lililoinuliwa juu ya ardhi na kujengewa, au choo cha mashimo mawili ya kina kifupi yanayotumika kwa zamu, moja likipumzika mpaka uchafu ukauke na kuoza. Kuchangia mifuko ya saruji ya jirani kunaweza kuwa nafuu kuliko lile chujio, na kutadumu zaidi.

Mlango wa tatu ndio ninaoushuku kuliko yote, kwa sababu unachemsha na bado wanaugua.

Kuchemsha kunaua. Maji yakishatokota sawasawa, bakteria, virusi na vimelea vya kuharisha wamekwisha. Dakika moja ya kutokota inatosha, na kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000, ambako maji hutokota kwenye joto dogo kidogo, ziwe dakika tatu. Wanaoacha sufuria itokote dakika 20 wanachoma kuni na mkaa bure, na miti hiyohiyo wanayoichoma ndiyo inayoshikilia udongo juu ya vyanzo vya maji. Lakini kuchemsha hakuweki mlinzi nyuma. Maji yakishapoa ni kama nyumba iliyofagiwa ikaachwa wazi. Kikombe kimoja kilichotumbukizwa na mkono wa mtoto aliyetoka chooni kinarudisha kila kitu, na tafiti nyingi zilizopima maji kisimani kisha mtungini zimekuta maji ya mtungini ndiyo machafu zaidi.

Jiulize: maji ya jioni unayapozea wapi? Kama ni kwenye ndoo ileile iliyotekea maji mabichi, kazi yote imepotea. Yanachotwaje? Kama ni kwa kata au kikombe, kila mchoto ni bahati nasibu. Na watoto wanapigia mswaki maji gani? Matunda yanaoshwa kwa maji gani? Mara nyingi nakuta mama amechemsha lita kumi kwa uangalifu mkubwa, huku mtoto akinywa moja kwa moja kwenye kopo la kuogea.

Dawa ya hapa ni rahisi: chombo chenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono, chenye mfuniko, na chenye bomba dogo chini. Dumu safi lililotobolewa na kufungwa bomba linafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Maji hayachotwi, yanafunguliwa. Karibu na bomba hilo weka sabuni, kwa sababu mikono isiyonawishwa inaweza kueneza kuharisha hata kama maji ni safi kama ya mbinguni.

Kama kuni ni shida, klorini ina faida ambayo moto hauna: inabaki. Kwa dawa ya kawaida ya madoa yenye klorini ya asilimia 5 au 6, isiyo na manukato, matone mawili kwa lita ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha weka matone manne. Baada ya nusu saa inatakiwa ibaki harufu hafifu ya klorini. Huyo ndiye mlinzi aliyebaki kwenye dumu. Wasiopenda harufu hiyo huniuliza kama haina madhara. Kwa kiasi hicho haina, ukilinganisha na kuharisha. Ila klorini ina mpaka wake: kuna kimelea kiitwacho kriptosporidi chenye ganda gumu, ambacho mwaka 1993 kilipita kwenye mitambo ya Milwaukee, Marekani, na kuwafanya watu wanaokadiriwa kufika 403,000 waugue. Hicho kinauawa na moto. Kwa hiyo mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu, mchemshie.

Kuna pia jua. Chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa muda wa saa sita, miale inaua vijidudu. Anga likiwa na mawingu mengi iwe siku mbili. Haina gharama, haina moshi. Kasoro yake ni subira, na familia ya watu watano inahitaji chupa nyingi.

Yapo mambo ambayo moto hauyawezi kabisa, na hapa ndipo watu makini hukosea. Kuchemsha hupunguza maji na kubakiza kilichoyeyuka. Naitreti inayotoka kwenye vyoo na mbolea haichemki ikaisha, inazidi kukolea. Kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, kwa kuwa naitreti hugeuka mwilini na kuizuia damu kubeba oksijeni. Mtoto hubadilika rangi kuwa kama bluu. Floridi, madini ya ardhini, ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno, na ikizidi sana na kwa miaka mingi, mifupa pia. Arseniki, sumu iliyomo ardhini ambayo imewatesa mamilioni Bangladesh baada ya visima vingi kuchimbwa kwa nia njema kabisa, haina ladha na haitakiwi kuzidi miligramu 0.01. Mwaka 2014 huko Toledo, Ohio, watu wapatao 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, kwa kuwa mwani wa kijanibluu uliorutubishwa na mbolea za mashambani ulikuwa umetoa sumu ziwani, na kuchemsha kungeikoleza.

Ndiyo maana nasema pima kwanza. Bila vipimo, mnunuzi wa chujio ananunua dawa ya ugonjwa asioujua. Chujio la mkaa linaondoa harufu na baadhi ya kemikali lakini haliui vijidudu, na lisipobadilishwa kwa wakati huwa makazi yao. La kauri huzuia bakteria, ila virusi ni wadogo mno na wengi hupita. Lile la umeme la kusukuma maji kwenye utando mwembamba linaondoa karibu kila kitu, hata naitreti na floridi, lakini mengi humwaga lita kadhaa za maji kwa kila lita moja unayokunywa. Mtu anayetaka kuishi bila kufuja maji akianza na mtambo wa namna hiyo, mimi huwa nacheka kidogo.

Sasa lile swali lako la mwisho, la namna ya kuishi. Wengi wakisikia kutunza maji hufikiria kufunga bomba wakati wa kupiga mswaki. Ni vizuri, fanya. Bomba linalodondoka tone moja kwa sekunde linapoteza ndoo ya lita 20 kila siku, kwa hiyo badilisha kipete chake cha mpira. Lakini kwako wewe mwenye kisima, kubwa zaidi ni hili: uwanja wako ndio paa la kisima chako. Chochote unachomwaga juu kitaomba ruhusa ya kushuka.

Mafuta machafu ya gari au pikipiki yasimwagwe chini hata kijiko. Yakusanywe kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaoyapokea. Betri zisizikwe. Dawa za hospitali zilizoisha muda zisitupwe chooni, zirudishwe kwa mfamasia. Dawa za wadudu zisichanganywe wala vyombo vyake visioshwe karibu na kisima, na samadi ikae mbali na upande wa mteremko. Bustani ipewe mbolea kidogo mara nyingi badala ya nyingi mara moja kabla ya mvua, kwa sababu inayosombwa hailishi mmea, inalisha kisima naitreti. Nguo zifuliwe mbali na mdomo wa kisima, na maji ya kufulia yenye sabuni kidogo yamwagiliwe miti, si kuachwa yafanye dimbwi. Acha nyasi zimee kuzunguka kisima badala ya kufagia uwanja ukabaki mweupe. Najua uwanja uliofagiwa unasifiwa, lakini nyasi hupunguza kasi ya mvua, na maji yaliyopunguzwa kasi ndiyo yanayochujwa.

Mji wa New York ulilifikiria hili kwa kipimo cha mamilioni ya watu. Badala ya kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja maji yanayotoka milima ya Catskill, mwaka 1997 ulikubaliana na wakazi wa huko juu: mji ununue ardhi ya kuhifadhi kwa wanaotaka kuuza, ugharamie ukarabati wa mashimo ya maji taka, na uwasaidie wakulima kuzuia samadi isifike mitoni. Maji hayo mpaka leo yanatiwa dawa bila kupitia mtambo wa kuchuja. Wewe na jirani yako mna bonde dogo la namna hiyo, na mkataba wenu unaweza kuwa wa mdomo tu.

Basi fanya kwa mpangilio huu. Wiki hii, chombo chenye bomba, sabuni, na klorini au moto kwa kila maji yanayoingia mdomoni, yakiwemo ya mswaki. Kiangazi kikianza, fundi arekebishe mdomo wa kisima. Akimaliza, kitiwe dawa: kisima chenye kipenyo cha mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina lita 2,350 hivi, na kinahitaji kama lita mbili na nusu za klorini ya asilimia 5, kikae siku nzima bila kutumika, kisha maji yatekwe na kumwagwa mpaka harufu iishe. Yamwage uwanjani mbali na mimea, si mtoni wala chooni. Subiri wiki moja au mbili, uchukue sampuli kwa chupa iliyotayarishwa na maabara yenyewe, ikae kwenye baridi na ifike ndani ya saa 24. Omba wapime E. koli na naitreti, na floridi na arseniki kwa mara hii ya kwanza. Kisha upime E. koli na naitreti tena mvua zitakaporudi. Ukishakuwa na majibu yote mawili mkononi, la kiangazi na la mvua, niandikie, na hapo tutazungumza habari ya chujio.